Walokole waliokataa kiapo, wakakataa na bunduki

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, kiapo cha Mau Mau kilikuwa kimekwisha kuenea katika vijiji vya Kiambu, Murang'a na Nyeri. Kiapo kilitolewa usiku. Mtu alipitishwa chini ya tao la migomba, akalishwa nyama ya mbuzi na kuonjeshwa damu yake, akaapa kwamba hatawasaliti wenzake wala kumuuzia Mzungu ardhi. Wengi waliapa kwa moyo wao, wakiamini hiyo ndiyo njia ya kurudishiwa mashamba. Wengine waliapa kwa kuogopa panga. Waliokataa walikuwa wachache, na miongoni mwao kulikuwa na kundi ambalo sababu yake haikumgusa gavana, chifu wala shamba. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu, basi hawawezi kunywa na ya mbuzi.

Jibu hilo liliwagharimu baadhi yao maisha. Wapo walionyongwa kwa kamba, na wapo waliokatwakatwa mbele ya watoto wao. Walioponea chupuchupu walirudi kwenye ibada wakiwa na makovu, wakatangaza kwamba wamewasamehe waliowaumiza.

Watu hao waliitana ndugu, na asili ya undugu wao haikuwa Kenya. Tuanzie Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, ambako wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza walikuwa na hospitali. Daktari Joe Church alifika pale mwaka 1928, akakumbana na njaa kuu ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala kupumzika, mwili na imani vyote vimechoka. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kabaka, amesimama kando ya pikipiki yake. Nsibambi alitaka kujua kwa nini kanisa lililojaa watu waliobatizwa halikuwa na uhai. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Mzungu na Mwafrika kuketi sawa kwa sawa namna hiyo, kila mmoja akimwambia mwenzake udhaifu wake, lilikuwa jambo geni katika miaka ile, na kwa maoni yangu hapo ndipo uamsho wa Afrika Mashariki ulipopata sura yake.

Church alirudi Gahini na moto mpya. Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyefanya kazi ya ualimu hukohuko Gahini. Yeye, pamoja na Yosiya Kinuka wa hospitali, walianza kuhubiri toba bila kupepesa macho. Watu walilia hadharani. Walitaja wizi, uzinzi na chuki za ukabila kwa majina yake. Walirudisha vitu walivyoiba. Wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi chao, jambo ambalo baadhi ya Wazungu wenzao waliliona ni aibu kwa rangi yao. Kigozi alifariki Kampala mwanzoni mwa 1936 kwa homa, lakini wito wake wa kuliamsha kanisa ulikuwa umekwisha sikika. Waganda waliwaita watu wa uamsho balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 ndugu kutoka Rwanda na Uganda walikuwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, wakihubiri. Moto huo ulishika pia upande wa Bukoba, na mmoja wa walioguswa huko, Josiah Kibira, baadaye akawa askofu wa Kilutheri na rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Makanisa yenyewe hayakuufurahia sana uamsho huu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, waliokataa kuacha maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao makali.

Walihubiri jambo gani lililoudhi hivyo? Halikuwa jipya. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Kristo alijitoa sadaka mara moja tu, na sadaka za wanyama zikakoma. Kila mkatekumeni alikuwa amekariri hayo. Ila kwa wengi ubatizo ulikuwa umegeuka kuwa mlango wa shule, jina jipya na kazi ya ukarani. Ndugu waliiondoa damu ya msalaba kwenye katekisimu, wakaifanya swali la mtu binafsi: wewe umeoshwa, au umebatizwa tu?

Wakikuyu hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya sadaka. Wazee wao walimchinjia Ngai, Mungu wao, mwanakondoo chini ya mti wa mugumo mvua ilipokosekana. Kiapo kilipata nguvu yake katika urithi huo, kwamba damu hufunga watu na mwenye kuivunja ahadi hufa. Kwa hiyo ndugu waliposema damu moja imetosha, aliyekuwa akitoa kiapo aliwaelewa vizuri kabisa. Hakuona kwamba wanabishana naye juu ya desturi. Aliona watu waliokwisha kufungwa na kiapo kingine.

Hapa ndipo historia iliyoandikwa kwa haraka huwakosea, kwa kuwaweka wote katika fungu moja na vibaraka. Serikali ya kikoloni ilipoona wanakataa kiapo, iliwatarajia washike silaha katika homgadi, kikosi chake cha wenyeji cha kupigana na Mau Mau. Wengi wao walikataa tena. Walisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo amemfia, hata akiwa amekuja kuwaua wao. Wakawa hawana pa kukimbilia: wapiganaji wa Mau Mau msituni waliwaona wasaliti, kambi ya serikali ikawashuku kuwa wamekula kiapo kwa siri.

Hata hivyo wana deni. Kuhusu ardhi iliyoporwa walisema machache mno, na mtu aliyefukuzwa kwenye shamba la baba yake alikuwa na haki ya kuuliza wokovu huo una habari gani na njaa yake. Waliokuwa msituni nao walijiona wanatoa sadaka, na nyimbo zao nyingi waliziimba kwa tuni za tenzi za kanisani. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alikufa kwa ajili ya jambo ambalo ndugu wengi hawakulitia katika maombi yao.

Deni la namna hiyo lilidaiwa kwa ukatili zaidi kwingine. Nchini Uganda uamsho uliwalea watu kama Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumlalamikia Idi Amin, na rafiki yake Festo Kivengere, aliyekimbilia uhamishoni akaandika kitabu cha kumsamehe Amin. Lakini Rwanda, mahali moto ulipowashwa, mwaka 1994 Wakristo waliwaua Wakristo ndani ya makanisa, na baadhi ya viongozi wa dini wakafikishwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha. Wapo waliokufa wakiwaficha majirani zao. Hawakutosha, na kanisa lolote linalojivunia Gahini halina budi kulisema hilo pia.

Kenya iliwakumbuka waliouawa kwa namna ya pekee. Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la ukumbusho mjini Murang'a, mji uliojulikana wakati ule kama Fort Hall. Siku chache kabla, huko Namirembe, alikuwa amemweka wakfu Obadiah Kariuki, mtu wa uamsho, kuwa askofu. Kazi ya kuchora kuta za kanisa hilo alipewa kijana kutoka Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere: Elimo Njau. Alichora maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani, na watu wote katika michoro hiyo ni Waafrika, katika mandhari ya milima ya Wakikuyu. Michoro ni mitano. Ukipita Murang'a, ingia uitazame kabla hujamwita aliyekataa kiapo msaliti, au aliyekula kiapo mpagani.