Thamani ya Peni ya Kale

Wasikilizaji wangu, siku moja mwanafunzi wangu alinijia kwa furaha nyingi, mkononi ana peni ya Kiingereza ya mwaka 1797, urithi wa babu yake aliyekuwa baharia. Alidhani ametajirika, maana sarafu ile imepita miaka mia mbili. Tena alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu hata ikang'aa.

Ilinibidi kumwambia kweli. Peni hizo zilipigwa Birmingham, katika kiwanda cha Matthew Boulton, kwa mashine za mvuke, kila moja aunsi nzima ya shaba. Waingereza waliziita magurudumu ya gari, kwa ukubwa wake na ukingo wake mpana. Zilipigwa nyingi mno, na nyingi zingaliko.

Sasa tazameni peni ya mwaka 1933, iliyo kitoto mbele ya ile. Mwaka huo peni zilikuwa tele nchini Uingereza, wala haikuhitajika kupiga nyingine; zikapigwa chache tu, baadhi zikatiwa chini ya mawe ya msingi ya majengo mapya. Zijulikanazo hazifiki kumi! Ndiyo sababu walaghai huchonga tarakimu za mwaka mwingine zisomeke 1933. Anayeanza kukusanya na azitazame kwa kioo cha kukuzia kabla ya kutoa fedha zake.

“Na ndimu je, Mwalimu?” akaniuliza. Nikamjibu kwamba mnunuzi hutaka nywele za mfalme zionekane, na ile rangi ya hudhurungi iliyojijenga yenyewe. Ikiisha kuondolewa, hairudi. Akanyamaza, akaifunga peni yake katika leso.