Elektrodi za Bega: Kubandika na Kupenyeza

Mgema wa Kaloleni, Kilifi, akiwa juu ya mnazi, mkono mmoja umekumbatia shina na wa pili umeinua kotama kukata karara, misuli kadhaa ya bega lake hukaza kwa pamoja. Kila unaokaza hutoa umeme hafifu mno, na elektrodi ndiyo inayoudaka na kuufikisha kwenye mashine. Upimaji huo ni elektromayografia. Neno elektrodi limeshakaa, sioni haja ya kulitafutia jingine. Kinachonikera ni "uwekaji wa elektrodi". Kuweka ni kitenzi kivivu; hata sahani huwekwa mezani.

Kilifi elektrodi si ngeni. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, walioanza kazi huko 1989, wamezitumia kupima umeme wa ubongo wa watoto wenye malaria kali na kifafa. Lakini kichwani kuna nafuu, kwani fuvu halibadili umbo. Bega halitulii. Mkono ukiinuka, ngozi huteleza juu ya msuli, na elektrodi iliyokuwa katikati hujikuta pembeni.

Mradi wa Ulaya wa SENIAM (1996 hadi 1999) ulitoa mwongozo unaofuatwa na wengi. Kwa msuli wa trapezi ya juu, papasa ncha ya bega, kisha kifupa cha uti kinachochomoza chini ya shingo. Vuta mstari kati ya viwili hivyo, ubandike katikati. Kwa msuli wa deltoidi ya mbele, shuka upana wa kidole kimoja kutoka ncha ya bega, upande wa mbele. Elektrodi huwa mbili, zimeachana milimita 20 kati kwa kati, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Ya tatu, ya marejeo, hukaa penye mfupa. Ngozi hunyolewa na kufutwa kwa spiriti, na kwa joto la Malindi ningeongeza kungoja jasho likauke, maana gundi na jasho havipatani.

Hadi hapo ni kubandika. Sasa chukua supraspinatasi, msuli unaosaidia kuinua mkono, uliolala juu ya kombe la bega na kufunikwa na trapezi. Ukibandika hapo, utakachosoma kwa wingi ni umeme wa jirani yake wa juu. Subskapularisi imejificha zaidi, kati ya kombe na mbavu. Mwaka 1962 watafiti Basmajian na Stecko walieleza elektrodi ya waya mbili nyembamba zinazoingizwa kwa sindano. Sindano huchomolewa, waya zikabaki ndani ya msuli. Huko ni kupenyeza.

Kwa hiyo napendekeza ubandikaji kwa elektrodi za juu ya ngozi na upenyezaji kwa zile za waya. Uwekaji ubaki pale tu zinapotajwa zote. "Uchomaji" nauepuka, kwa kuwa hospitalini kuchomwa ni kudungwa dawa, na hapa hakuna dawa. Mgema anayeombwa ridhaa anapaswa kuambiwa mapema ni lipi kati ya hayo mawili atakalofanyiwa.