Willy Gamba na Vita Vilivyokuwa Mlangoni Petu



Majuzi nilikuwa Kwa Mrombo nikingoja nyama ichomwe. Kijana mmoja wa bodaboda akakiona kitabu nilichoshika, kimechakaa, jalada halipo. Nikamwambia ni "Kufa na Kupona" cha Elvis Musiba. Akafunua kurasa mbili tatu, akacheka: "Mzee, majasusi Dar es Salaam? Hizo si hadithi tu?"

Pale pale nilikosa jibu. Nalitoa leo.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Mwaka 1979 kikaja "Kikosi cha Kisasi", na safari hii mapambano yakawa Kinshasa.

Hadithi za aina hii hazikuanzia kwetu. Mwaka 1860 huko Marekani, kampuni ya Beadle ilitoa "Seth Jones" ya Edward Ellis, kijana wa miaka 20, ikauzwa senti kumi. Mambo yake yanatokea mpakani, pale makazi ya Wazungu yalipokuwa yakiimeza ardhi ya wenyeji. Mpaka wa Musiba ni kinyume chake: shujaa wake yu upande wa walionyang'anywa nchi.

Je, aliyabuni yote? Kamati ya Ukombozi ya OAU iliundwa mwaka 1963, makao yake makuu yakawa Dar es Salaam. Tarehe 3 Februari 1969, katika jiji hilo hilo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichotumwa kwake. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Likamwua. Hiyo ni miaka mitano kabla Willy Gamba hajazaliwa kwenye karatasi.

Walimu wetu hawakuvipenda vitabu hivi. Mimi mwenyewe nilinyang'anywa kimoja darasani, nikaongezewa na viboko. Siwezi kusema walikosea kabisa. Willy anaua upesi mno, na wanawake wengi humo ni chambo au pambo. Ukombozi wa kweli haukuletwa na mtu mmoja mwenye bastola. Uliletwa na vijana waliofundishwa kambini Kongwa, na wengi wao hawakurudi makwao.

Lakini ni kwa ajili ya Willy Gamba nilimwuliza baba, kwa mara ya kwanza, Angola iko wapi na kwa nini sisi tujihangaishe nayo. Kitabu cha shule kilikuwa hakijanifanya niulize.

Musiba, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara, alifariki mwaka 2010. Mashujaa wa sinema za kigeni kijana yule anawajua kwa majina. Mondlane hamjui, wala hakuna aliyemwambia. Kosa si lake. Ni letu sisi tuliosoma tukanyamaza.

Jumamosi nitarudi Kwa Mrombo nimwazime kitabu. Kurasa za mwisho zimenyofoka. Hizo nitamsimulia mwenyewe, na habari za Mondlane nitaanza nazo.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.