Chungu cha Majani Kando ya Ziwa la Samaki: Mlo wa Mimea katika Historia ya Chienge na Ufuko wa Mweru

Mtu akitaja Ziwa Mweru, kinachofuata ni samaki. Vitabu vya jiografia, taarifa za serikali na masimulizi ya wasafiri waliofika Kashikishi, Nchelenge au Chienge huanza na nyavu na mitumbwi. Insha hii inautazama upande wa pili wa sahani, yaani mlo usio na samaki, nyama, maziwa wala mayai: ugali wa muhogo kwa majani yaliyopikwa na karanga. Hoja yangu ni kwamba mlo huu haukuwa chakula cha siku za dhiki peke yake. Ulisaidia kuwafanya samaki wa Mweru wawe bidhaa ya kuuzwa mbali, na hadi leo unasaidia ziwa lipumzike.

Vijana wengi huamini kwamba kula mimea mitupu ni mtindo uliotoka Ulaya. Sababu iko wazi: neno "vegan" lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipounda chama cha watu wasiotumia chochote kitokanacho na mnyama. Ni kweli kwamba wale waliongozwa na maadili, ilhali watu wa Mweru waliongozwa na msimu, kazi na ardhi. Lakini tukiuliza ni lini watu walijua kuandaa mlo wa kushibisha bila mnyama, jibu letu haliwezi kuanza mwaka 1944.

Tuanze na muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, nao ukasafiri bara kwa mikono ya wakulima na wafanyabiashara wa Kiafrika hadi katika nchi za Walunda. Takriban mwaka 1740 tawi la Walunda chini ya Mwata Kazembe lilijiimarisha katika bonde la Luapula, kusini mwa ziwa. Mapokeo yao yanauhusisha ujio wa muhogo na safari hiyo ya kutoka magharibi. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798 na kufia huko. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867, na siku chache baadaye akaingia katika mji mkuu wa Kazembe. Alichokieleza ni mji uliotawanyika ndani ya mashamba ya muhogo, nyumba moja hapa na nyingine pale. Yaani shamba na mji vilikuwa kitu kimoja.

Livingstone aliwakuta pia wafanyabiashara kutoka pwani ya Waswahili, akiwemo Muhammad bin Saleh, aliyekuwa akiishi kwa Kazembe. Kwa hiyo Kiswahili si mgeni wa juzi katika nchi hii. Leo ukivuka kutoka Chienge kwenda Pweto, upande wa Kongo, utasikia majani ya muhogo yakiitwa sombe. Tanzania ni kisamvu. Kwa Kibemba ni katapa. Majina ni matatu, lakini kazi ya jikoni ni ileile: majani machanga huchumwa, hutwangwa kwenye kinu, huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Kupika mboga kwa karanga namna hii Wabemba huita ukusashila, na mboga yenyewe ni ifisashi. Majani ya maboga, ya viazi vitamu na mchicha hupikwa vivyo hivyo, tena kwa muda mfupi zaidi.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, liko neno jingine linalostahili kutazamwa. Katika Kiswahili cha pwani, kitoweo hasa ni samaki au nyama, na majani ni mboga. Kibemba kina neno umunani, nalo hutumika kwa kila kinachoshushia ubwali, yaani ugali, kiwe samaki, maharage au majani. Lugha yenyewe haikuyaweka majani daraja la chini. Kuyaita "chakula cha maskini" ni hukumu iliyokuja baadaye.

Ilikujaje? Kwa maoni yangu, soko lilichangia sana. Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, na mwishoni mwa miaka ya 1920 migodi ya shaba ya upande wa Zambia ikaanza kupanuka kwa kasi. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji chakula. Samaki wa Mweru na Luapula walikaushwa, walifukiziwa moshi au walifungashwa katika barafu wakapelekwa huko, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga wakajenga utajiri katika njia hiyo. Samaki akawa fedha: kodi, nguo, ada ya shule, baiskeli. Familia iliyovua ililazimika kupima kila siku samaki yupi aliwe na yupi auzwe.

Hapa ndipo chungu cha majani kinapoingia katika historia ya uchumi. Kila siku ambayo nyumba ilikula katapa na karanga, samaki wa siku hiyo aliweza kwenda sokoni. Mashamba ya muhogo kwa sehemu kubwa yalikuwa mikononi mwa wanawake, na kuloweka, kutwanga na kupika vilikuwa kazi yao. Mchimba shaba aliyekula samaki wa Mweru alilishwa na mvuvi, lakini mvuvi naye alilishwa na kinu cha mkewe. Hesabu za biashara zilimwandika mvuvi na mfanyabiashara. Kinu hakikuandikwa. Msomaji anaweza kupinga kwamba watu wa ziwa waliendelea kula samaki nyumbani. Ni kweli, na sidai kwamba waliacha. Ninachodai ni kwamba bila mlo wa mimea, kiasi kilichobaki cha kuuzwa kingekuwa kidogo zaidi.

Muhogo ulikuwa na faida nyingine, ya usalama. Mabwawa ya Mweru Wantipa, mashariki ya Chienge, ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu, na kuanzia mwaka 1930 makundi yao yalienea sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Afrika kwa zaidi ya miaka kumi. Nzige hula mahindi, mtama na ulezi vilivyo juu ya ardhi. Mzizi wa muhogo hubaki chini salama. Adui mwingine alikuja miaka ya 1980, mdudu mdogo mweupe anayenyonya ncha changa za mmea, zilezile zinazochumwa kwa mboga. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, ilimdhibiti kwa kumtumia nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay, ambaye ni adui yake wa asili. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wale wanaotaka kilimo kisicho na sumu wana mfano mkubwa hapa.

Samaki nao hawakuwa bila mwisho. Mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga mayai, alivuliwa kwa nyavu katika safari hiyohiyo, na kufikia miaka ya 1950 wingi wake ulikuwa umeporomoka. Leo Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi hii ni miezi migumu, na wapo wanaovua kwa siri. Lakini tuitazame kalenda ya jikoni. Hiyo ni miezi ya mvua: muhogo unachipua majani laini, maboga yametambaa, mchicha umeota wenyewe, na uyoga umejaa msituni. Ziwa linapofungwa, shamba linafunguka. Sheria ya uvuvi hulinda mayai ya samaki, lakini kinachoifanya ivumilike nyumbani ni maarifa ya mboga.

Hata hivyo, tusiyapambe mambo kupita kiasi. Ugali wa muhogo una nguvu nyingi na protini kidogo sana, ndiyo maana karanga, maharage na kunde si mapambo bali ni sehemu ya lazima ya mlo huu. Muhogo mchungu una sumu, hivyo humenywa, hulowekwa majini siku kadhaa, huanikwa, kisha hutwangwa. Njaa au haraka inapofupisha kazi hiyo, watu hudhurika: ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, ulielezwa na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938, na baadaye ukahusishwa na muhogo usiolowekwa vya kutosha. Majani nayo yanataka kutwangwa na kuchemshwa vizuri, jambo linalokula kuni, na misitu ya miombo tayari imelemewa na mkaa. Wapishi wanajua njia za kupunguza moto: kuloweka maharage usiku kucha, kutwanga majani hadi yalainike kabisa, kufunika chungu, kuliachia jua kazi ya kukausha. Ni mambo yasiyohitaji kununua kitu. Lakini yanahitaji mikono na muda, na mpaka sasa mikono hiyo ni ya wanawake na wasichana. Mtu anayeusifu mlo huu bila kushika mchi anasifu jasho la mwingine.

Kwa kuhitimisha, historia ya Chienge imeandikwa kwa muda mrefu kutoka ziwani: falme, misafara, kituo cha Waingereza cha miaka ya 1890, biashara ya samaki. Ikiandikwa kutoka jikoni tutaona kwamba mmea wa Amerika umekuwa wetu kwa kazi ya vizazi, na kwamba mlo wa majani umeibeba biashara ya shaba bila kutajwa. Tunapokwenda kukusanya masimulizi, basi, tusiishie kumuuliza mzee jina la chifu na mwaka wa vita. Tumuulize bibi aliloweka muhogo siku ngapi, alipika nini Januari, na samaki wa siku ile alikwenda wapi. Majibu yake ni ushahidi, na wengi walio nayo ni wazee sana sasa.