Kufasiri Maandiko kwa Maandiko

Kufasiri Maandiko kwa Maandiko ni kanuni ya ufafanuzi wa Biblia inayotaka kifungu kigumu kieleweke kwa nuru ya vifungu vilivyo wazi zaidi na ya ujumbe wa Biblia nzima. Agostino wa Hippo aliifundisha zamani. Ungamo la Westminster la karne ya 17, linalofuatwa na Wapresbiteri, huitaja waziwazi, na hati Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1965) huagiza umoja wa Maandiko yote uzingatiwe.

Mfasiri huanza na muktadha wa karibu, kisha aina ya uandishi, kitabu kizima na mafungu sambamba. Mfano maarufu ni Yakobo 2:24 na Warumi 3:28. Paulo anakataa matendo ya sheria kuwa msingi wa kuhesabiwa haki. Yakobo anapinga imani isiyozaa matendo. Wagalatia 5:6 huunganisha mafundisho hayo. Kanuni haifuti tofauti za waandishi wala mazingira yao.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kama Tassia, yenye makanisa ya madhehebu mengi, kanuni hii inaweza kuwapa waumini kipimo cha pamoja cha mahubiri. Haja ya kipimo kama hicho ilionekana pale mjadala kuhusu mafundisho potofu ulipopamba moto nchini Kenya kuanzia Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Idadi ya miili hiyo ilizidi 400.