Acha Gari, Panda Basi: Nusu Karne ya Kuitafutia Foleni Dawa

Oxford inajulikana kwa chuo kikuu chake, lakini ni mji wa magari pia. Mwaka 1913 William Morris, aliyeanza maisha kama fundi baiskeli mjini humo, alianza kuunda magari Cowley, viungani mwa Oxford. Desemba ya mwaka huohuo akaingiza barabarani mabasi ya injini yashindane na tramu zilizokokotwa na farasi. Halmashauri ilikuwa haijampa leseni ya kutoza nauli garini, basi abiria wakawa wananunua kuponi madukani kabla ya kupanda. Mwaka uliofuata tramu za farasi zikatoweka. Kiwanda cha Cowley kikakua, magari yakazidi kushuka bei, na barabara za katikati ya mji zikabaki vilevile zilivyochorwa enzi za mikokoteni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili foleni ilikuwa imeshakuwa kero ya kila siku. Mwaka 1948 mpangamiji Thomas Sharp alitoa mapendekezo yake kuhusu mustakabali wa Oxford. Alitaka barabara mpya ikatize kwenye Christ Church Meadow, uwanda wa nyasi wanakolishwa ng'ombe, ulio jirani kabisa na vyuo vya kale, ili magari yaondolewe High Street. Mwaka 1956 waziri Duncan Sandys akaunga mkono wazo la kupitisha barabara uwandani humo. Kilichofuata ni ugomvi wa miaka mingi uliopita katika vikao, tume na mabaraza. Wasomi walitetea uwanda wao kwa sauti kubwa, na historia imewakumbuka. Wasiokumbukwa sana ni watu wa St Ebbe's, mtaa wa wafanyakazi uliokuwa karibu na katikati ya mji. Nyumba zao zilibomolewa, wengi wakahamishiwa Blackbird Leys, na sehemu ya ardhi yao ikageuka kuwa maduka ya Westgate na jengo la kuegesha magari. Kila aliyeupita mtaa huo aliona kwa macho yake gharama ya kuupanua mji kwa ajili ya gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri iliachana na mipango ya barabara kubwa za ndani. Mwaka 1973 ikapitisha sera mpya ya usafiri, na ndani ya sera hiyo ndimo lilimozaliwa jambo lililoigwa baadaye karibu Uingereza nzima. Kiwanja cha maegesho kilifunguliwa Redbridge, kwenye barabara ya Abingdon upande wa kusini. Mtu anayetoka vijijini aliacha gari lake hapo, akapanda basi, akashushwa katikati ya mji. Ndiyo huduma ya kwanza ya kudumu ya aina hiyo nchini Uingereza. Baadaye vikafuata viwanja vya Pear Tree, Seacourt na Thornhill, vyote karibu na barabara ya mzunguko, hata mji ukawa umezungukwa na viwanja hivyo pande zote kuu.

Hapa ndipo wengi wanaposoma historia hii nusunusu. Viwanja havikupelekwa peke yao. Sera ileile ilibana maegesho ya katikati ya mji, ikaanza kuyatengea mabasi njia zao katika barabara za kuingilia, na ikazuia magari yasiyo na shughuli kupita katikati. Redbridge ilikuwa sehemu ya mapatano: dereva ananyang'anywa nafasi yake mjini, na badala yake anapewa nafasi nyingine pembezoni pamoja na basi lisilokwama. Mwaka 1999 Oxford ikaenda mbali zaidi, ikafunga High Street kwa magari ya kawaida kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 12:30 jioni. Mabasi yakapata mtaa. Kwa miaka mingi magari yanayoingia katikati ya Oxford hayakuongezeka kwa kasi iliyoonekana sehemu nyingine za nchi, na sifa ikaenda kwa viwanja vya pembezoni kwa sababu ndivyo vinavyoonekana na ndivyo vyenye mabango.

York ikafuata mwaka 1990, kisha Cambridge na miji mingine mingi ya kale yenye mitaa myembamba. Ilikuwa sera rahisi kupendwa. Mwenye duka hakupoteza wateja, dereva hakukatazwa kitu, mwanasiasa alipata utepe wa kukata. Katika miji mingi sehemu chungu ya mapatano ya Oxford iliachwa: maegesho ya katikati yalibaki kama yalivyokuwa, na yale ya pembezoni yakaongezwa juu yake.

Mwaka 1995 mtafiti Graham Parkhurst alichapisha makala iliyouliza swali ambalo halikutarajiwa: je, huduma hii inaweza kuongeza magari barabarani? Aliiangalia Oxford na York, na baadaye akapanua uchunguzi kwenye miji mingine ya Uingereza. Jibu lake liliwakera wengi. Ndani ya mji magari yalipungua kidogo, ila nje ya mji yaliongezeka. Si kila aliyeegesha Redbridge alikuwa zamani akiendesha hadi katikati. Wapo waliokuwa wakipanda basi la kijijini safari nzima, na sasa waliona afadhali waendeshe nusu ya njia ili wapate basi la haraka. Wapo waliozunguka kutoka upande mwingine wa mji kukifuata kiwanja. Wapo waliopata sababu ya safari ambayo zamani wasingeifanya. Mtafiti Giuliano Mingardo alikuta jambo la aina hiyohiyo kwenye vituo vya reli vya Rotterdam na The Hague, katika utafiti wake wa mwaka 2013: baadhi ya walioegesha hapo walikuwa zamani wakienda kwa baiskeli au kwa usafiri wa umma tangu nyumbani.

Anayeumia zaidi katika mzunguko huo ni mtu asiye na gari. Basi la kijijini linapopoteza abiria wenye uwezo, mapato yake hushuka, ratiba hupunguzwa, na mzee wa kijijini anayekwenda kliniki hubaki kituoni akisubiri. Fedha za umma zinakuwa zimemhudumia mwenye gari na kumpunguzia huduma asiye nalo. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa la sera hii inapotekelezwa vibaya, kubwa kuliko foleni yenyewe.

Tufanye na hesabu. Kiwanja cha magari 1,000 ni kikubwa. Ukijumlisha na njia za kupitia, kila gari huhitaji kama mita za mraba 25, kwa hiyo unazungumzia hekta mbili na nusu za ardhi. Kikijaa chote kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kimezuia magari 500 kwa saa. Njia moja tu ya barabara kuu isiyo na taa za kuongozea magari hupitisha magari kati ya 1,800 na 2,000 kwa saa. Yaani hekta mbili na nusu zimenunua takriban robo ya njia moja, tena kwa sharti kwamba wote walioegesha wangeendesha hadi mjini. Halafu nafasi iliyopatikana haikai wazi. Mchumi Anthony Downs alieleza mwaka 1962 kuwa barabara kuu za mijini saa za msongamano hujaa tena hadi kikomo chake, kwa kuwa walioahirisha safari, waliopita njia za panya na waliokuwa kwenye mabasi huiona nafasi na kurudi. Kama hakuna kinachoizuia nafasi hiyo, gari la mtu mwingine litaiziba.

Singapore ilitoa ushahidi ulio wazi kuliko wowote, na ilifanya hivyo miaka miwili tu baada ya Redbridge. Tarehe 2 Juni 1975 serikali ilianza kuwatoza madereva dola tatu za Singapore kwa siku kuingia katikati ya jiji kuanzia saa 1:30 asubuhi. Ada hiyo ilithibitishwa kwa karatasi iliyobandikwa kiooni na kukaguliwa kwa macho na walinzi waliosimama njiani. Gari lenye watu wanne au zaidi lilisamehewa. Wapangaji waliamini madereva watahitaji mahali pa kuacha magari, wakajenga viwanja vya pembezoni vyenye maelfu ya nafasi na mabasi maalumu ya kuwachukua. Magari yanayoingia asubuhi yakapungua kwa kiasi kikubwa. Viwanja vikabaki karibu vitupu. Watu walikwenda kazini kwa basi la kawaida kutoka karibu na nyumbani, au walijazana wanne garini, au walibadili saa ya kuondoka. Haukupita muda viwanja hivyo vikapewa matumizi mengine. Kilichoondoa foleni kilikuwa ada, maegesho hayakuhitajika.

Nusu karne ilipita kabla Oxford haijafika kwenye ada kama hiyo. Oktoba 2025 mamlaka za huko zilianza kutoza magari pauni 5 kwa siku kwenye barabara sita, kama hatua ya muda, na mapato yakatumika kwanza kufanya mabasi ya viwanja vya pembezoni kuwa bure kwa miezi kadhaa. Mji uliowafundisha wengine kuegesha pembezoni umeona kwamba viwanja peke yake havitoshi. Si kwamba havina kazi. Thornhill, kwa mfano, hutumiwa pia na watu wanaopanda mabasi ya kwenda London, jambo ambalo huokoa safari ndefu ya gari. Ila si kazi vilivyojengewa.

Nairobi ilijaribu njia hiyo kwa reli. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha Syokimau, chenye maegesho kwa ajili ya wanaoendesha kutoka upande wa Barabara ya Mombasa na kumalizia safari kwa treni. Ni wazo zuri kwa mwenye gari anayeishi huko. Lakini wakazi wengi wa Nairobi, kama wa Dar es Salaam, huenda kazini kwa miguu au kwa matatu na daladala, na hao hawana cha kuegesha. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam kati ya Kimara na Kivukoni, mwanya mkubwa haukuwa wa maegesho. Ulikuwa wa yule aliyefika Kimara kwa daladala, bajaji au bodaboda, akalipa nauli mara mbili, akasimama juani kusubiri basi la pili. Hekta mbili na nusu zinazotosha magari 1,000 zinatosha pia kujenga stendi ya kubadilishia yenye paa, maji, vyoo na taa, itakayohudumia maelfu kwa maelfu ya abiria kila asubuhi.

Maegesho ya pembezoni yakipendekezwa tena, Tegeta au Ruiru au kwingineko, waandishi wa habari wana swali moja la kumuuliza mhandisi kabla ya kupiga picha: nafasi ngapi za kuegesha zitaondolewa Posta, Kariakoo au katikati ya Nairobi siku ileile kiwanja kitakapofunguliwa? Oxford ya mwaka 1973 ilikuwa na jibu.