Kidudu cha mbuzi kilipatikana Kenya, sasa tunataka chanjo bora

Ndugu zangu, leo tuongee mbuzi. Usicheke. Hapa Matsangoni mbuzi ndiyo benki. Karo ikidaiwa, mtu haendi kwa meneja, anafungua zizi. Mimi chuo nilikiacha, lakini karo yangu ya sekondari ilitoka humo humo zizini.

Sasa benki hiyo ina mwizi wake: homa ya mapafu ya mbuzi. Mbuzi anakohoa, anahema, analala chini, basi. Ikiingia kwenye kundi ambalo halina kinga, wanaweza kufa hata 8 kati ya 10.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1873 Mfaransa mmoja, Thomas, aliuandika kule Algeria. Mwaka 1881 ukaingia Cape, Afrika Kusini, pamoja na mbuzi wa Angora kutoka Uturuki. Daktari wa mifugo Hutcheon akaonyesha kwamba unaambukiza. Aliwachinja wagonjwa, na waliobaki akawachanja kwa kutumia pafu la mbuzi mgonjwa. Ndiyo, pafu! Hiyo ndiyo chanjo waliyokuwa nayo.

Lakini kidudu chenyewe? Zaidi ya miaka 90 watu walishika wasiyemjua. Ni mikoplasma, bakteria mdogo sana, na huyu ni mgumu kuotesha maabara. Jibu lilitoka Kenya hii hii: mwaka 1976 MacOwan na Minette walimpata, akaitwa F38. Miaka ya 80 watafiti wakatengeneza chanjo hapa hapa: F38 aliyeuawa, akachanganywa na saponini ya kuamsha kinga. Inakinga kwa zaidi ya mwaka, na KEVEVAPI, shirika la serikali, inaitengeneza.

Sasa shida iko wapi? Kila dozi inataka vidudu vingi, na kidudu chenyewe kinaota polepole. Kwa hivyo kuitengeneza ni ghali. Tena lazima ikae kwenye baridi, na kuchanja kurudiwe. Mwenye mbuzi sita kijijini, friji ataitoa wapi?

Maoni yangu ni haya: nchi iliyomfichua mwizi isikae kungoja wengine watengeneze kufuli. Maabara zetu zipewe pesa zitafute chanjo rahisi, inayodumu, inayovumilia joto letu la Pwani. Na kwa sasa, ukisikia wachanjaji wamefika, toa mbuzi wako. Usingoje kikohozi.